Sakafu ya mbao: jua kwanza ilipakwa nini

Sakafu ya mbao ngumu haiharibiki upesi kwa kukanyagwa. Inaharibika kwa mchanga na maji, na maji hayo mara nyingi ni yale ya ndoo ya kudekia. Kwa hiyo kabla ya kununua sabuni yoyote, fahamu mbao zako zimepakwa nini.

Chagua mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya kabati. Dondosha matone mawili matatu ya maji, usubiri dakika 10. Matone yakibaki yamesimama, na ukiyafuta hayaachi alama, kuna vanishi na bado ni nzima. Yakiacha doa jeupe, hapo pana nta. Yakinywewa na mbao ikakolea rangi, basi ama ilipakwa mafuta tu, ama vanishi imekwisha. Ukitaka kuthibitisha nta, sugua kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo: nta huyeyuka na kukichafua kitambaa kwa rangi ya manjano au kahawia. Jibu hili huamua mengi, maana vanishi mpya haishiki juu ya nta, na sakafu ya nta haidekiwi. Hufagiliwa, husuguliwa kwa kitambaa kikavu, na hupakwa nta tena inapofifia.

Kwa kila siku, adui ni mchanga. Punje zake ni ngumu kuliko vanishi, hivyo kila kiatu kinachopita kinazisaga juu yake, na ndiyo maana njia ya kutoka mlangoni hufifia kabla ya pembe za chumba. Weka zulia la kufutia miguu nje na jingine ndani. Fagia kwa ufagio laini, au tumia mashine ya kuvuta vumbi baada ya kuzima brashi yake inayozunguka. Miguu ya viti ibandikwe vipande vya kitambaa kizito cha sufu, na uvikague mara kwa mara: kipande kilichonasa mchanga hugeuka msasa. Mazulia yenye mgongo wa mpira yaepukwe, kwa sababu mpira unaweza kuacha rangi ya manjano isiyofutika kwenye vanishi.

Sakafu yenye vanishi hudekiwa kwa kitambaa cha maikrofaiba chenye unyevu, si chenye maji. Tumia sabuni ya sakafu za mbao isiyo na asidi wala magadi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukizidisha, inabaki kama utando unaonata. Kamua kitambaa mpaka kisidondoshe hata tone, kisha pitisha kwa kufuata urefu wa mbao. Angalia nyuma yako: alama ya unyevu inatakiwa iwe imekauka ndani ya dakika moja au mbili. Isipokauka, hukukamua vya kutosha.

Siki husifiwa sana, lakini sisi hatuipendekezi. Ni asidi, na ikitumiwa kila wiki hufifisha mng'ao taratibu. Mashine ya mvuke ni mbaya zaidi, kwani husukuma joto na maji kwenye maungio. Dawa za kung'arisha zenye mafuta au nta huleta hasara yake baadaye: siku ya kupaka vanishi mpya, itajikunja na kuacha vijishimo, au itabanduka.

Ukiona kingo za mbao zimeinuka na katikati pamebonyea, upande wa chini una unyevu kuliko wa juu. Tafuta bomba linalovuja au unyevu unaopanda kutoka chini, uuzuie, kisha subiri. Usikimbilie kupiga msasa! Ukiziparuza kingo hizo wakati mbao bado zina maji, zikikauka zitashuka na katikati patabaki na mgongo. Kusubiri huku kunaweza kuchukua miezi, na kipimo cha unyevu ndicho cha kuamini, si jicho. Unyevu wa hewa ndani ya nyumba ukikaa kati ya asilimia 35 na 55, mbao hazitanuki wala kusinyaa kupita kiasi.

Doa jeupe kwa kawaida liko ndani ya vanishi au nta tu. Doa jeusi limeingia kwenye mbao: maji na chuma vimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, jambo la kawaida kwenye mwaloni. Hilo halitoki kwa sabuni.

Kazi inayookoa sakafu kuliko zote ni kuongeza tabaka la vanishi kabla la zamani halijachakaa hadi kufikia mbao. Paruza kwa msasa namba 180 au 220 mpaka mng'ao upotee sawasawa. Pakibaki mahali panapong'aa, hapo vanishi haitashika. Ondoa vumbi lote, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, kisha paka kuelekea mlangoni. Vanishi ya maji unaweza kuikanyaga kwa soksi baada ya saa 24, lakini mazulia yasubiri wiki moja au mbili; ya mafuta huchukua hata mwezi.

Ukichelewa mpaka mbao iwe kijivu, itabidi kuparuza yote, namba 40, kisha 60, 80 na 100. Ubao wa mti mtupu wenye unene wa milimita 19 una takriban milimita 6 tu juu ya ulimi wake, yaani ukingo unaoingia kwenye ubao wa jirani, kwa hiyo kazi hiyo ina kikomo. Mbao za tabaka, zenye mbao ngumu juu tu na tabaka nyingine zilizogundishwa chini, huweza kuwa na milimita 2 au pungufu za mbao hiyo ya juu, na nyingine hazifai kuparuzwa kabisa.

Sakafu ya mafuta ya kitani haihitaji haya yote. Unapaka tena sehemu iliyokauka na kufuta ziada. Ila vitambaa ulivyotumia usivikunje na kuvitupa pipani. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji.