Sakitu ilianguka kutoka wapi?

Nilipoanza kazi ya kutafsiri nilikabidhiwa makala ya kilimo, nikaandika kwa kujiamini: "Usiku huo sakitu ilianguka shambani." Mhariri akanirudishia karatasi ikiwa na swali moja pembeni: "Ilianguka kutoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, au nilidhani ninalo. Sakitu, ile barafu nyembamba inayoonekana juu ya majani baada ya usiku wa baridi kali, ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake, s-q-t, unahusu kuanguka. Asili nilikuwa nimeipata sawasawa. Nilichosahau ni kukitazama kitu chenyewe. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoteza joto haraka. Majani yakipoa hadi chini ya nyuzi 0, mvuke uliomo hewani huganda papo hapo juu yake, bila hata kuwa maji kwanza. Hakuna kilichoanguka. Siku hizi naandika sakitu imetanda, na sijaulizwa tena.

Kwa hiyo nyinyi mnaoingia sasa katika kazi hii, chimbeni asili ya neno, lakini msiifanye kuwa ndiyo maana yake. Tazameni barafu. Limetoka Kiajemi, barf, na huko barf ni theluji! Sisi tukalitumia kwa maji yaliyoganda, kisha theluji yenyewe tukaitafutia neno la Kiarabu, thalj. Anayeng'ang'ania asili ataishia kuagiza juisi yenye vipande vya theluji.

Kwa maana ile ile ya sakitu, kamusi zitawapa pia jalidi, kutoka jalid ya Kiarabu. Hapo pana mtego ninaoupenda: kujalidi ni kutia kitabu jalada, na herufi za mzizi ni zile zile, j-l-d. Msikimbilie kuandika kwamba baridi huivika ardhi jalada. Ni hadithi tamu, ila herufi kufanana si ushahidi.

Kati ya sakitu na jalidi, mimi huchukua sakitu, kwa sababu wasomaji wengi wa Biblia wamekwisha kukutana nayo katika Kutoka 16, mana inapofananishwa nayo. Hata hivyo, inapotokea mara ya kwanza huongeza maneno machache: sakitu, yaani chembe za barafu zinazotanda juu ya majani usiku wa baridi kali. Mhariri yule hufyeka maelezo yangu mengi. Hayo huyaacha.