Sauti ya Switch inachelewa kwenye hedifoni za Bluetooth

SWALI: Shikamoo fundi. Nachezea Nintendo Switch, ile mashine ya gemu, kwa hedifoni za Bluetooth. Nikimrusha Mario, mlio unasikika akiwa ameshafika hewani. Muuzaji alisema tatizo ni hedifoni zangu kuwa Bluetooth 5.0, nikanunua za 5.3. Bado ni yaleyale. Sasa kuna jamaa anataka kuiflashi Switch, yaani kuiwekea programu upya, eti iongeze kasi. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe, nitakueleza kwa nini.

Hiyo 5.3 imewala wengi. Kila mara naletewa kasha jipya lenye namba kubwa zaidi, na mwenye nalo amenuna kama wewe. Namba ile ni toleo la Bluetooth tu, haikuambii sauti itafika lini. Kinachoamua ni kodeki, yaani namna sauti inavyobanwa kwenye mashine na kufunguliwa sikioni, pamoja na akiba ya sauti ambayo hedifoni huikusanya kwanza ili isikatikekatike. Switch ilianza kutoa sauti ya Bluetooth Septemba 2021, kwa sasisho la 13.0.0, na hutumia SBC, kodeki ya msingi kabisa. Hapo kuchelewa milisekunde 150 hadi 250 ni kawaida. Kwenye gemu la fremu (picha) 60 kwa sekunde, milisekunde 200 ni fremu 12! Ukitazama video kwenye simu huoni kasoro kwa sababu simu huichelewesha picha ingojee sauti. Gemu haliwezi kukingojea kidole chako.

Waya unamaliza shida, na tundu la milimita 3.5 lipo juu ya Switch yako. Kama waya huutaki, jaribu kwanza kuwasha hali ya gemu kwenye hedifoni zako kama zinayo. Inapunguza ile akiba, lakini SBC inabaki palepale. Kinachosaidia kweli ni kirusha sauti kidogo cha kuchomeka USB-C chenye aptX Low Latency, kodeki ya ucheleweshaji mdogo, kinachoshusha ucheleweshaji hadi karibu milisekunde 40. Hedifoni nazo lazima ziwe na aptX Low Latency. Kasha likiandikwa "aptX" peke yake, liache. AirPods hazina aptX ya aina yoyote, kwa hiyo kifaa hicho hakitakufaa kitu. Njia nyingine ni hedifoni za gemu zinazouzwa na kirusha sauti chao cha redio ya 2.4 GHz, ambazo haziigusi Bluetooth ya Switch kabisa.

Na huyo wa kuflashi: kodeki haiongezwi kwa kuflashi wala kufomati. Wapo wanaofuta mashine nzima, wanakurudishia ikiwa inang'aa, na hela umeshalipa. Maendeleo ya gemu zako hukaa kwenye memori ya ndani ya Switch, si kwenye kadi ya microSD ambayo ungeichomoa ukidhani umeyaokoa.