Maji ya Mama Yalibaki Galveston

Katoni mbili za maji, chupa 24 kila moja, nilizinunua mwenyewe Houston, Texas, usiku wa kuamkia safari yetu ya meli ya kitalii. Pamoja nazo kulikuwa na chupa mbili za juisi ya ukwaju aliyoitengeneza Mama kwa mikono yake, na nyingine ndogo ya tangawizi iliyochujwa. Mama ana miaka 74. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na tangu alipougua tumbo vibaya miaka ya nyuma hanywi maji ambayo hakuona kizibo chake kikifunguliwa. Ndiyo maana nilibeba. Sikuwa na nia ya kumkwepa mtu.

Mizigo ilipopita kwenye eksirei pale bandarini Galveston, mji wa pwani wa Texas tunakopandia meli, askari wa kike alisimamisha mkanda, akavuta katoni pembeni, akasema kwa upole kabisa kwamba hizi haziingii. Nilidhani anataka tuzilipie. Hapana, haziingii. Nizirudishe kwenye gari au niziache hapo. Gari tulikuwa tumeliacha maegesho ya mbali na kuletwa kwa basi, nyuma yetu foleni imejaa, watoto wameshaanza kulia njaa. Nikaziacha. Ukwaju ukatupwa kwenye pipa mbele ya macho ya Mama. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hata maji?"

Tangu siku ile nimepanda meli za kitalii mara tatu zaidi, na kila mara naona foleni ile ile na watu wale wale wanaogomba na askari ambaye hakuitunga sheria. Wengi wao ni wenzetu, maana familia za Kiswahili zilizoko Texas na Florida zimeipenda sana safari hii: unalipa mara moja, chakula kimo, bibi na wajukuu wanakaa pamoja. Nawaandikia ninyi mnaojiandaa, ili hasira ile isiwakute mlangoni.

Kwanza kabisa, hakuna sheria moja ya meli zote. Hapo ndipo wengi tunapoumia. Mtu anamuuliza jirani, jirani anajibu kwa uzoefu wa kampuni yake, kumbe wewe umekata tiketi kwingine. Kampuni ya Carnival ilikuwa ikiwaachia abiria wapande na chupa za maji na soda hadi Julai 2015, ilipozipiga marufuku. Kilichobaki ni makopo au maboksi 12 yasiyofunguliwa kwa kila mtu, kila moja lisizidi mililita 355, na yawe kwenye mzigo wa mkononi. Norwegian mwaka 2017 ilibana zaidi: maji na soda haviingii, isipokuwa maji ya maziwa ya mtoto mchanga na yale yaliyosafishwa kwa ajili ya mashine ya kusaidia kupumua usingizini. Royal Caribbean yenyewe inahesabu kwa chumba, siyo kwa mtu: vinywaji 12 visivyo na pombe, basi, hata kama mmelala wanne humo. Disney ndiyo yenye mkono mpana, mtu mzima anaruhusiwa hata chupa mbili za mvinyo au bia sita, siku ya kupanda na katika kila bandari. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa vinywaji wa kampuni yako mwenyewe wiki ya safari. Mimi kosa langu lilikuwa hilo. Nilisoma kila kitu kuhusu mabwawa ya watoto, nikaruka ukurasa wa vinywaji kwa kuwa sisi hatunywi pombe, nikaamini hautuhusu.

Kwa nini wanazuia maji? Niliuliza sana, kwa sababu jibu la "ni sheria" halinishibishi. Carnival ilipobadilisha kanuni yake ilieleza kwamba watu walikuwa wakimwaga maji ya chupa, wanatia pombe, kisha wanafunga kizibo kionekane kipya, na kwamba kukagua chupa moja moja kulikuwa kunachelewesha watu kupanda. Kopo ukilifungua huwezi kulirudishia, ndiyo maana linapita. Sababu hiyo naikubali. Lakini kuna nyingine ambayo haisemwi sana mlangoni: tiketi huuzwa kwa bei ya chini, halafu faida inatafutwa ndani, kwenye baa, kamari na ziara za nchi kavu. Katika makampuni makubwa, takriban theluthi moja ya mapato hutokana na vile abiria wanavyonunua wakiwa tayari wamepanda. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini chupa ya maji niliyoinunua dukani kwa senti 20 chumbani ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola tatu, na juu yake asilimia 18 ya huduma.

Usiku wa kwanza Mama hakunywa kitu isipokuwa chai. Nilikuwa na wasiwasi kweli, maana anatumia dawa za presha, joto la Ghuba ya Meksiko si mchezo, na mtu mzima akikaukiwa maji mwilini huanguka ghafla. Asubuhi tukiwa kwenye ukumbi wa chakula, kijana mmoja mhudumu alitusikia tukibishana. Akaweka trei mezani, akainama: "Shikamoo Mama." Alikuwa mtoto wa Likoni, Mombasa. Mama akaitikia marahaba na uso wote ukabadilika. Kijana alipoambiwa shida yetu, alichukua bilauri, akaenda kwenye bomba la mashine, akajaza, akaongeza vipande viwili vya limau, akamwekea mbele. "Mama, mimi huu mwezi wa saba nayanywa haya haya. Ningekuwa nimeshakufa." Mama akayatazama, akanusa, akanywa nusu. Baada ya saa mbili akaenda kujaza mwenyewe.

Nilipotafuta baadaye nilikuta kijana alikuwa sahihi. Meli kubwa hutengeneza maji yake kutoka baharini, ama kwa kuyageuza mvuke na kuukusanya, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu kwenye chujio laini linalozuia chumvi, na nyingine hujazia bandarini. Kisha yanatiwa klorini na kupimwa muda wote. Meli zinazotia nanga Marekani zikitoka nchi za nje hukaguliwa bila taarifa na CDC, taasisi ya afya ya Marekani, chini ya mpango ulioanza miaka ya 1970. Meli hupewa alama hadi 100, ikipata 85 au chini ya hapo imefeli, na ripoti zake zimewekwa wazi kwenye intaneti. Andika jina la meli yako, usome. Kama una mzazi mwenye wasiwasi kama wangu, msomee kabla hamjatoka nyumbani, kwa Kiswahili, taratibu. Mimi ningefanya hivyo, zile katoni mbili zisingetoka dukani.

Sasa, kitu gani kinapita? Nimejifunza kwamba wanachokigombania ni kile kilichokwisha kuwa kinywaji. Majani ya chai, unga wa tangawizi, masala ya chai, hivi havijawahi kunisumbua, mradi vimo kwenye pakiti ya kiwandani ambayo haijafunguliwa. Vya nyumbani vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni acha, hata viwe vizuri namna gani, kwa sababu chakula kilichopikwa au kufungashwa nyumbani hukataliwa. Birika la umeme nalo usibebe kabisa. Vifaa vingi vya kupasha moto, pasi ikiwemo, huchukuliwa kwa hofu ya moto baharini, na hofu hiyo ni ya haki. Maji ya moto yako kwenye ukumbi wa chakula, katika meli zote nilizopanda yalipatikana usiku na mchana. Beba chupa tupu ya kujazia, moja kwa kila mtu, na chupa ya chai ya kuhifadhi moto kwa ajili ya mzee. Chupa tupu haijawahi kukataliwa. Maji, barafu, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi vimo kwenye tiketi yako. Na kama lazima maji ya chupa, kampuni nyingi huuza katoni ukiagiza mapema kupitia akaunti yako, bei ikawa nafuu kuliko moja moja, unaikuta chumbani.

Mwenye sababu ya kiafya aombe mapema. Siyo mlangoni. Askari pale hana mamlaka ya kukuhurumia. Kila kampuni ina kitengo cha abiria wenye mahitaji maalumu. Waandikie wiki nne kabla, eleza ugonjwa na kiasi unachohitaji, kisha jibu lao lichapishe kwenye karatasi. Simu huzima, mtandao wa bandarini hugoma, lakini karatasi yenye jina la kampuni humfanya askari amwite mkubwa wake.

Kuhusu vifurushi vya vinywaji, hesabu kabla ya kununua. Kifurushi cha pombe mara nyingi huvuka dola 60 kwa siku kwa mtu mmoja. Chukua hizo 60, safari ya siku tano ni dola 300, ukiongeza asilimia 18 inakuwa 354. Na zipo kampuni zinazodai kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akinunua, wenzake wa chumba hicho nao wanunue. Mke asiyegusa pombe analipishwa kwa sababu mumewe anakunywa! Kama nyumba yenu iko hivyo, piga simu uulize kuhusu kifurushi cha soda na juisi kwa asiyekunywa, au gawaneni vyumba kwa kufuata wanywaji na wasio wanywaji. Kwa familia yetu sote hatukununua kifurushi chochote, na hatukukosa kitu.

Shemeji yangu alikuja na njia nyingine. Alikuwa na chupa ya Konyagi aliyoletewa zawadi kutoka Dar, akaifunga ndani ya suruali kwenye sanduku kubwa linalochukuliwa na mahamali. Saa mbili usiku masanduku yote yalikuwa milangoni isipokuwa lake. Akaitwa chini kwenye chumba cha ulinzi, akaambiwa afungue mbele ya watu, chupa ikachukuliwa na hakurudishiwa. Nilimwonea huruma kwa sababu ilikuwa kumbukumbu ya nyumbani, lakini ukweli lazima usemwe: eksirei inaona umbo la chupa hata ukiizungushia blanketi. Ujanja wa kutia pombe kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia, ile ya kijani, wanaujua kabla hujauwaza. Nawasihi vijana, msiwape wazazi wenu au watoto wawabebee vitu vya namna hiyo. Nimeona bibi wa watu akisimamishwa kwa ajili ya mzigo wa mjukuu wake, na aibu ile haikumstahili. Mnywaji wa mvinyo ana njia ya halali: Carnival na Royal Caribbean zote huruhusu chupa moja ya mililita 750 kwa mtu aliyefikisha miaka 21, siku ya kupanda tu. Ukitaka kuinywea mezani kwenye mgahawa utatozwa ada ya kuifungua.

Pombe mnayonunua Cozumel, kisiwa cha Meksiko, au bandari nyingine itachukuliwa mkirudi melini, mtapewa stakabadhi, na itarejeshwa mwisho wa safari. Itunzeni stakabadhi. Mkishuka Galveston, kuna watu wa mamlaka ya pombe ya jimbo la Texas hapo hapo bandarini, wanatoza kodi kwa kila chupa hata kama forodha ya taifa imekusamehe lita ya kwanza. Ni dola chache tu, lakini uwe nazo tayari.

Lalamiko langu halijaisha, na nimeliandikia kampuni barua. Kuzuia pombe ya magendo ni sawa. Lakini mzee wa miaka zaidi ya 70 anayekuja na maji yaliyofungwa kiwandani angeweza kuachiwa chupa sita, zikafunguliwa na kunuswa, kazi ya dakika moja. Nimewaomba pia waweke katazo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa tiketi, siyo mahali pa kutafuta kwa tochi. Walinijibu kwa heshima kwamba wamepokea maoni. Nawe ukikutwa na jambo kama hili andika, kwa utulivu, ukitaja tarehe na saa, kwa sababu ugomvi wa mlangoni hauandikwi popote.

Mama ameshakata tiketi ya kurudi kwetu mwakani. Kibali cha maji ya dawa zake nimekwisha kuomba, jibu limefika, nimelichapisha nakala mbili. Moja imo kwenye bahasha ya pasipoti yake. Na ukwaju safari hii tutaunywa Houston, jioni kabla hatujaondoka.