Muswada haujapita, unasemea wapi?
Ndugu yangu wa Tandahimba, umeuliza kama mkulima wa korosho anaweza kusema neno kabla muswada haujapita. Anaweza. Ukishasomwa mara ya kwanza bungeni unapelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau. Dodoma si lazima ufike, unaweza kupeleka maandishi. Taja kifungu chenyewe na maneno unayotaka yabadilishwe. Kulalamika tu "kinatuumiza" hakusaidii. Shida ni muda, huwa mfupi mno.

Sheria ndogo za kijiji ndizo ziko karibu: mkutano mkuu wa kijiji unazijadili kabla hazijaenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Sisi huku Lindi, faini ya mbuzi kuingia kwenye ufuta tuliibishania chini ya mwembe mpaka magharibi, ikashuka nusu.