Weusi huo hautoshi: kwa wadogo zetu mnaopiga picha za utetezi

Folda imefika tena. Picha 1,400, majina yake ni DSC_0001 mpaka mwisho, maelezo hakuna hata kwenye moja, na katikati yake yumo mhusika ambaye tulikubaliana asijulikane, uso wote nje, anatabasamu. Aliyepiga ana jicho, hilo halina ubishi. Mwanga ameupata na fremu zimetulia. Lakini kupiga picha ili kumtetea mtu kuna makosa yake ya kudumu, na kila kundi jipya linayarudia kama limeyarithi. Tuyapange kwa namba, ingawa namba zenyewe hazitakaa sana kwenye mstari.

1. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iandike picha zote kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, si moja ijae ndipo nyingine ianze. Usifomati kadi mpaka nakala tatu ziwepo, moja ikiwa mbali na begi lako. Twende mbele.

2. Maelezo ya picha yaandikwe siku ileile, kabla ya kulala: nani, wapi, lini, anafanya nini, na amekubali itumike wapi. Usiniambie utakumbuka. Baada ya siku tatu za shughuli kila mama mwenye kitenge cha bluu anakuwa mama mmoja.

Lewis Hine alipoajiriwa 1908 na National Child Labor Committee ya Marekani, kamati iliyopinga ajira ya watoto, kupiga picha za watoto viwandani, mara nyingine ilibidi aingie kwa kujifanya mtu mwingine. Alipima urefu wa mtoto kwa vifungo vya koti lake na kuandika umri na saa za kazi kwa siri. Picha ya mtoto mchafu kando ya mashine, mwenye kiwanda angeweza kusema ni mtoto wa fundi amemletea baba yake chakula. Yale maandishi ndiyo yaliyomziba mdomo.

Kinyume chake ni picha ya Dorothea Lange ya 1936, ile ya mama mhamiaji mwenye mkono shavuni, iliyopigwa Nipomo, California. Lange alikuwa mwandishi mzuri wa maelezo, lakini siku hiyo hakuuliza jina. Picha ikazunguka dunia, na mama mwenyewe, Florence Owens Thompson, akajulikana hadharani kwa jina lake 1978, miaka 42 baadaye, akiwa na uchungu kwamba hakupata hata senti. Pia alikana baadhi ya yaliyosemwa juu yake, likiwemo la kuuza matairi ya gari ili wale. Aliyekosea hapo ni mtu mwenye jicho kuliko sisi sote. Wewe na DSC_0001 zako je?

3. Silueti, yaani mtu kuonekana kama kivuli cheusi mbele ya mwanga. Hapa tukae, maana hapa ndipo tulipoumiza watu, na sisi tuliotangulia tusijifanye malaika. Tumelifanya kosa hili na kupewa pongezi kwalo.

Linakwenda hivi. Mhusika hatakiwi kujulikana. Unamkalisha mbele ya dirisha, unapima mwanga wa nje, na kwenye skrini ya kamera anaonekana mweusi kabisa. Unamwonyesha, naye anapumua, anasema, "Hapo sawa." Unapeleka faili. Huko mbele kuna msanifu wa ripoti ambaye hajawahi kuambiwa lolote. Anaona picha nzuri ila "giza sana", anavuta shadows (kitelezi cha kung'arisha sehemu za giza) hadi mia na exposure (mwanga wa picha nzima) juu kidogo. Uso unatoka gizani kama picha ya pasipoti: macho, meno, kovu la nyusi. Ripoti inachapwa. Hakuna aliyemtaka mabaya, na mhusika ameshatambulika kwa jirani zake.

Sababu ni ya kiufundi na ni rahisi. Chumba chenye kuta nyeupe kinarudisha mwanga, kwa hiyo mwanga wa uso unapungua kuliko wa dirisha kwa stopu nne hivi tu, na kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu. Sensa ya kisasa, ile inayopokea mwanga ndani ya kamera, kwenye ISO 100 (usikivu mdogo kwa mwanga) inabeba stopu kumi na mbili au zaidi ndani ya RAW, faili ghafi ya kamera. Kilicho cheusi kwenye skrini si cheusi ndani ya faili, kimelala tu. Hata JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa, haikuokoi: kwenye kipimo cha 0 (weusi kamili) hadi 255 (weupe kamili), uso wenye thamani za 6, 9, 14 unaonekana mweusi kwa jicho, lakini tofauti kati ya namba hizo ndiyo pua na mdomo.

Sasa, namna ya kuifanya sawasawa. Tundika kitambaa cheusi upande wa kamera, kirefu kuliko mhusika, ili kuta zisimrudishie mwanga usoni. Zima taa za chumbani. Zima na skrini ya laptopu, hiyo nayo ni taa. Msogeze mhusika mita mbili kutoka ukuta wa pembeni. Pima dirisha kwa spoti mita (kipimo cha mwanga cha eneo dogo tu la fremu) na uliache juu ya alama ya kati ya kipimo kwa stopu moja, si mbili, kwani kila stopu unayoliongezea dirisha, uso nao unaipata. Kwenye kuediti, sogeza nukta nyeusi ya curves, ule mstari wa kurekebisha mwanga, mpaka uso mzima usome 0, 0, 0, ukikagua kwa kipimo cha rangi kwenye paji la uso, shavu la upande wa dirisha na ncha ya pua. Ncha ya pua ndiyo msaliti mkubwa. Ikigoma, paka brashi nyeusi. Kisha toa JPEG bapa, isiyo na tabaka. Faili ya TIFF inayohifadhi tabaka za kuediti ni uso uliofunikwa kwa shuka tu, na yeyote anaweza kuliinua.

Halafu jaribio ambalo hamlifanyi: ichukue ile JPEG uliyotoa, siyo RAW, ifungue upya, exposure +5, shadows +100. Ukiona jicho, rudi mwanzo. Ukiona mabaka na chengachenga tupu, peleka. RAW ya mhusika aliyefichwa haitoki mikononi mwako, hata mteja akiitaja kwenye mkataba; jambo hilo mlizungumze kabla ya kusaini.

Na kuficha uso si kumficha mtu. Cheni ya shingo, mshono wa nguo ambao mtaa mzima unaujua, tatuu, sikio lenye pete mbili, nembo ya sare, namba ya mlango, sura yako na yake kwenye kioo cha kabati. Pitia kingo nne za fremu kabla ya kubonyeza. GPS ya simu na ya kamera izimwe siku hiyo, na unapotoa faili chagua ibaki na taarifa za hakimiliki pekee. Picha uliyoikata ndani ya Word haijakatwa, imefunikwa. Anayeipokea akirudisha kingo anaona yote. Baadhi ya programu huacha kijipicha cha awali ndani ya faili hata baada ya kukata, kwa hiyo kata, toa faili mpya, kisha ifungue kwa programu nyingine uikague. Jina la faili nalo: kuna watu huficha uso kwa saa nzima halafu faili wakaiita kwa jina la mhusika na la kijiji chake. Mungu atusamehe.

Ukungu na vile viboksi vya kufifisha tumezitumia sana kwa sababu ni za haraka. Ukungu mwepesi bado unaacha umbo la uso, na anayemfahamu mtu anamjua kwa umbo. Mkono wenye kazi, mgongo, viatu mlangoni: hizi ni picha, si fidia ya picha. Ukizipiga kwa nia ya kuzipiga, mara nyingi ndizo zinazokwenda ukutani.

4. Ridhaa haiishii kwenye kutia sahihi. Fomu iseme matumizi moja moja, kila moja na kisanduku chake: ripoti, bango la barabarani, mitandao, kuchangisha fedha. Mtu anaweza kukubali ripoti na kukataa bango. Soma kwa lugha anayoongea nyumbani, na asitafsiri yule anayegawa msaada, kwani mbele yake nani atasema hapana? Omba ridhaa kabla ya kupiga, kisha onyesha picha zenyewe na uombe tena, maana mwanzoni alikubali kitu asichokiona. Kwa mtoto, mzazi anasaini na mtoto naye anaulizwa; akigeuza uso, hilo ni jibu.

Na ridhaa hurudishwa. Ile picha ya mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith ya 1971, ya mama akimwogesha binti yake aliyeharibiwa na sumu ya zebaki huko Minamata, Japani, ni miongoni mwa picha za utetezi zilizofanya kazi kubwa kabisa. Familia ilipotaka binti yao aachwe apumzike, Aileen Smith, aliyekuwa mke wa Smith na aliyeishika haki ya picha, alizuia isichapishwe upya kwa miaka mingi. Kwa hiyo weka namba ya faili kwenye fomu na namba ya fomu kwenye faili, ili siku mtu akisema "toeni", ujue pa kwenda.

5. Shata ya kimya, kamera inapopiga kielektroniki bila mlio, ni nzuri kwenye kliniki na vikao, ila chini ya taa za LED itakuchorea mistari. Umeme wa 50 Hz, kaa kwenye kasi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde. Wa 60 Hz, 1/120 au 1/60. Kagua kwa kukuza, mistari huonekana kwanza kwenye ukuta mweupe.

6. Lenzi ya milimita 35 na ya 85 zinatosha. Mnaobeba nne, mnabadilisha wakati mhusika analia.

7. Mkipanga maonyesho msilie kwamba kamera ni ndogo. A3 kwa 300 ppi (pikseli kwa inchi) ni pikseli 3508 kwa 4961, yaani megapikseli 17 na kidogo, na faili hiyohiyo inatosha A1 kwa 150 ppi, kwani A1 hutazamwa kwa kusimama mbali kidogo. Kinachoua picha ukutani ni karatasi ya kung'aa chini ya taa kali. Chukua isiyong'aa, tundika katikati ya picha usawa wa macho, sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na maelezo yawe na herufi za pointi 18 kwenda juu. Wahusika waione kabla ya wageni waalikwa. Wao ndio wa kwanza kuona kwamba jina limeandikwa vibaya, na hapo bado kuna muda wa kuchapa kibandiko kingine.

8. Chapa nakala ndogo za sentimita 10 kwa 15 za kila mliyempiga, zipange kwa bahasha kufuata orodha ya fomu, bahasha ibebe namba na siyo jina. Za waliofichwa zikabidhiwe mkononi mwao wenyewe, nje ya kikao, na kama hawapo zirudi nawe.