Kioo cha Mguso kwenye Bodi Ndogo ya Kompyuta: Usianze na Kusawazisha

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ya kufunga kioo cha mguso ilikuwa kwenye diko la samaki hapa Tanga. Mama mmoja anayenunua samaki kwa jumla alitaka uzito unaosomwa na mzani uhifadhiwe kwenye kompyuta, na mpimaji aweze kugusa jina la samaki, changu, tasi, kolekole au vibua, bila kuandika chochote. Nilichukua bodi ya Raspberry Pi na kioo chake rasmi cha inchi 7, kile kilichotoka mwaka 2015 chenye pikseli 800 kwa 480 na uwezo wa kutambua vidole 10 kwa wakati mmoja, nikakijaribu nyumbani Ngamiani kwa siku tatu, nikaridhika nacho. Siku ya kukikabidhi, mama yule alikigusa kwa mkono uliotoka moja kwa moja kwenye ndoo ya samaki. Aligusa changu, kioo kikaandika vibua. Akagusa tena, ukafunguka ukurasa ambao hakuna aliyeuomba.

"Mwanangu," aliniambia kwa upole, "kioo chako hakinisikii mimi, kinamsikia mtu mwingine."

Nilikirudisha nyumbani nikashinda siku mbili nzima nikisawazisha vipimo vya mguso, nikigusa alama za pembeni na za katikati, nikihifadhi namba na kuzifuta. Nyumbani kilitii kila mara, na diko kilikataa kila mara. Kosa langu ndilo kosa ninaloliona hadi leo kwa mafundi vijana wanaoniletea bodi zao: kuchukulia kila hitilafu ya mguso kuwa ni hitilafu ya vipimo. Kusawazisha ni hatua ya mwisho kabisa. Anayeanza nayo huwa anafunika tatizo lililoko chini, iwe ni aina ya kioo, umeme, waya au mwelekeo, na tatizo hilo litajitokeza tena baada ya wiki moja likiwa na sura nyingine.

Kilichokuwa kinatokea diko kinaeleweka ukijua namna vioo hivi vinavyofanya kazi. Kioo cha kupangusa, kama vile vya simu nyingi za leo, huhisi mabadiliko ya chaji ya umeme pale kidole kinapokaribia gridi ya nyuzi nyembamba zisizoonekana zilizotandazwa chini ya uso wake. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, na ndiyo maana kidole huhisiwa. Lakini maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, tena vizuri, kwa hiyo tone lililobaki juu ya kioo linaweza kusomwa kama kidole, na utando wa maji unaounganisha tone na kidole hukifanya kidhibiti, yaani chipu inayosoma mguso, kishindwe kujua kidole kiko wapi hasa. Kioo cha kubonyeza ni kitu tofauti kabisa. Kina matabaka mawili yaliyopakwa utando unaopitisha umeme na kutenganishwa na nafasi ndogo sana. Ukibonyeza, tabaka la juu hugusana na la chini, na volti inayosomwa pale yalipogusana ndiyo inayoeleza mahali. Kwa kioo hiki ni sawa tu kama umebonyeza kwa kidole kikavu, kidole kilicholowa, glavu au ncha ya kijiti.

Kioo cha kubonyeza kina udhaifu wake. Picha yake haing'ai sana kwa sababu ya matabaka yale, uso wake huchubuka, na kwa kawaida kinatambua mguso mmoja tu. Hata hivyo, kwa mpima samaki anayegusa majina manane siku nzima akiwa na magamba mkononi, sioni haja ya kutambua vidole kumi. Nilimbadilishia mama yule kioo, nikaweka cha kubonyeza cha ukubwa uleule kinachopokea picha kwa HDMI, na malalamiko yakaisha siku hiyohiyo. Tangu hapo, kabla sijauliza bei wala ukubwa, huuliza kwanza ni mkono wa nani utakaokigusa kioo na mkono huo utakuwa umetoka kushika nini.

Baada ya aina ya kioo, angalia umeme, na hapa nakuomba uwe mkali bila kuona haya. Raspberry Pi 3 inataka volti 5 na uwezo wa ampea 2.5, Pi 4 inataka ampea 3, na kioo cha inchi 7 kinachonyonya umeme kwenye bodi hiyohiyo kinaongeza mzigo. Adapta inaweza kuwa nzuri na waya ukawa mbaya: nimewahi kupima volti 5.1 kwenye mdomo wa adapta na kukuta 4.6 tu kwenye bodi, kwa sababu waya ulikuwa mrefu na mwembamba. Bodi hizi hutoa onyo la alama ya radi volti zinaposhuka chini ya 4.63 hivi, nawe unaweza kuuliza hali hiyo kwa amri ya vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ndilo unalolitaka. Usiridhike kuona bodi inawaka. Pima kwa multimita kwenye bodi yenyewe, taa ya kioo ikiwa imewashwa hadi mwisho.

Umeme mchafu nao una mambo yake. Katika ghala moja la mkonge nilifunga kioo cha kupangusa cha kuandikia idadi na uzito wa marobota, na kwa wiki nzima kilijigusa chenyewe, lakini asubuhi tu. Nilikaa pale siku moja tangu alfajiri hadi nikagundua kwamba kilianza kuruka dakika ileile presi ya kufungia marobota ilipowashwa, na kikatulia ilipozimwa. Mota ya presi na adapta ya bodi vilikuwa kwenye laini moja, na adapta yenyewe ilikuwa ya bei rahisi isiyochuja kelele za umeme wala kuunganishwa na ardhi. Kioo cha kupangusa hupima mabadiliko madogo mno ya chaji, kwa hiyo kelele ikipanda kupitia adapta huonekana kama vidole. Nilihamishia bodi kwenye laini nyingine, nikaweka adapta bora yenye waya wa ardhi, nikatenga waya wa kioo na nyaya za mota, na vidole vile visivyo na mwenyewe vikatoweka. Hakuna usawazishaji wowote ambao ungeweza kuvifuta.

Kuchomeka kwenyewe hakuna maneno mengi: zima umeme, shika fleksi, yaani ule waya bapa wa kioo, kwa kingo zake, hakikisha upande wenye mistari ya shaba umeelekea upande wa miguu ya soketi, na usilazimishe kufuli. Kumbuka tu kwamba soketi za Raspberry Pi 5 ni ndogo zenye pini 22, wakati bodi kama Pi 3 na Pi 4 zina soketi ya pini 15, kwa hiyo fleksi ya zamani haiingii na unahitaji ile yenye ncha mbili tofauti.

Linalohitaji maelezo zaidi ni hili, kwamba picha na mguso ni vifaa viwili vilivyogundishwa pamoja. Picha inaweza kupita kwenye HDMI, kwenye fleksi inayoingia soketi ya picha ya bodi (DSI) au kwenye pini za bodi, na mguso ukapita njia yake nyingine. Kioo cha HDMI kwa kawaida hurudisha mguso kwa waya wa USB, na mara mbili nimeitwa kutengeneza kioo kibovu nikakuta waya uliotumika ni wa kuchajia tu, usio na nyuzi za data ndani yake. Picha ilikuwa safi, taa inawaka, na mguso hauna pa kupita.

Njia ya pini nayo ina gharama yake. Vile vioo vidogo vya inchi 3.5 vinavyokaa juu ya bodi vina pikseli 480 kwa 320, na kila pikseli hubeba biti 16, kwa hiyo picha moja nzima ni biti 2,457,600. Kwa kasi ya megahezi 16, yaani biti milioni 16 kwa sekunde, utapata picha sita na nusu tu kwa sekunde. Kwa kuonyesha uzito na vitufe vinne inatosha kabisa. Kwa mtu anayetarajia kuburuza ramani au kutazama video, itamkera siku ya kwanza, na ni vyema umwambie kabla hajanunua.

Picha ikishatulia, uliza mfumo kama unauona mguso. Programu ya evtest huorodhesha vifaa vya kuingizia taarifa na kukuonyesha namba zinazobadilika kidole kinapotembea. Ikiwa kioo ni cha kupangusa kinachotumia I2C, yaani nyaya za mawasiliano kati ya chipu na bodi, amri ya i2cdetect itakuonyesha anwani yake: vidhibiti vya familia ya FT5x06 hukaa kwenye 38, na GT911 hukaa kwenye 5d au 14. Ukiona herufi UU mahali pa namba, usishtuke, maana yake ni kwamba draiva, yaani programu inayokiongoza kifaa, imeshakichukua kifaa hicho. Kwa vioo vya kubonyeza vyenye kidhibiti cha XPT2046, draiva inayohusika ni ads7846, nayo huwashwa kwa mstari wa dtoverlay=ads7846 ndani ya config.txt, faili la mipangilio ya bodi, ukitaja humo pini ya kuarifu mguso kama mchoro wa kioo chako unavyoelekeza.

Faili hilo la config.txt limewachanganya wengi. Tangu toleo la Oktoba 2023 la Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wa bodi hizi, liko kwenye /boot/firmware na si kwenye /boot kama zamani, na maelekezo mengi ya mtandaoni bado yanataja mahali pa kale. Toleo hilohilo ndilo lililoleta Wayland kama mfumo wa kawaida wa madirisha kwenye Pi 4 na Pi 5, ndiyo maana xinput_calibrator, programu ya kusawazisha iliyotengenezwa kwa ajili ya X11, mfumo wa madirisha wa zamani, haiwasaidii tena wengi wanaoitumia. Ningependa pia ujihadhari na zile programu za kusakinisha zinazokuja na vioo vya bei nafuu, ambazo hubadilisha config.txt yako yote kwa faili lao. Moja ilinifutia mipangilio ya mzani niliyoihangaikia kwa siku nne. Siku hizi nasoma ndani ya programu hiyo, nachukua mistari miwili au mitatu ninayoihitaji, naiandika mwenyewe, na kabla ya yote hifadhi nakala ya faili la awali.

Sasa ndipo tunafika kwenye mwelekeo, na bado si kusawazisha. Peleka kidole kulia. Je, kielekezi kinakwenda kulia? Kikipanda juu, mihimili imebadilishana. Kikienda kushoto, mhimili umegeuzwa. Hali hii hutokea hasa ukizungusha picha, kwa sababu mara nyingi picha huzunguka na mguso ukabaki pale ulipokuwa. Katika libinput, sehemu ya mfumo inayosoma mguso, marekebisho huandikwa kwa namba sita, kupitia kanuni ya udev (sehemu inayotambua vifaa) yenye jina LIBINPUT_CALIBRATION_MATRIX. Kwa kuzungusha nyuzi 90 kufuata mwendo wa saa, namba ni 0 -1 1 1 0 0. Kwa nyuzi 180 ni -1 0 1 0 -1 1. Tatu za kwanza zinaeleza mlalo mpya unatokana na nini, na tatu za mwisho zinaeleza wima. Chukua karatasi, chora mstatili, andika namba za evtest kwenye kila pembe, na utaelewa kwa robo saa jambo ambalo mimi nililibahatisha kwa miezi.

Kioo cha kubonyeza pekee ndicho ambacho karibu kila mara kitahitaji hatua ya mwisho. Kidhibiti chake husoma volti kwa namba kati ya 0 na 4095, lakini kingo za kioo hazifiki huko. Unaweza kukuta pembe moja inasoma 200 na nyingine 3900, na tofauti hiyo ndiyo unayoiambia draiva au unayoiingiza kwenye zile namba sita. Fanya kazi hii kioo kikiwa kimeshafungwa ndani ya fremu yake. Fremu ikibana ukingo, au vumbi la singa za mkonge likijisokota kati ya fremu na kioo, tabaka la juu hubonyezwa muda wote na kioo hung'ang'ania upande mmoja. Hapo dawa ni kulegeza skrubu na kusafisha kwa brashi laini.

Ukubwa wa vitufe usiuache kwa bahati. Kwenye kioo cha inchi 7 chenye pikseli 800 kwa mlalo, pikseli 80 ni milimita 15 hivi, na sijawahi kushuka chini ya hapo kwa watu wanaofanya kazi wakiwa wamesimama.

Huku pwani kuna chumvi ya hewani pia. Kila baada ya masika nafungua sanduku la diko, natazama pini kama zimeota kutu ya kijani, nafuta kwa spiriti safi na kuacha zikauke kabla ya kurudisha umeme. Vernishi ya kukingia bodi ninaipaka, ila soketi na pini naziziba kwanza kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili zisipoteze mguso wao. Ndani ya mfuniko nimebandika karatasi yenye mistari yote ya config.txt na zile namba sita, kwa mwandiko mkubwa, kwa sababu memori kadi huharibika, na fundi atakayeitwa siku hiyo huenda asiwe mimi.