Maswali ya Wasomaji: Yadi ya treni za mfano inayobebeka

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejenga reli ya mfano wa Bandari ya Mwanza Kusini kwa kipimo cha 1:87, nikitumia njia ya milimita 16.5 kati ya reli mbili. Nimepanga chumba kimoja Nyakato, hivyo mezani hakuna nafasi ya yadi ya kuhifadhia treni. Nifanyeje nipate yadi ya kubebeka bila kununua vipande vingi vya kugeuzia njia?

JIBU: Ndugu msomaji, bandari uliyoichagua imekwisha kukupa nusu ya jibu. Meli ya MV Umoja hupakia mabehewa hapo kwenye reli zilizolazwa ndani yake na kuyavusha hadi Port Bell, Uganda. Nawe tengeneza trei kadhaa, kila moja ikibeba treni nzima, ambazo utazifikisha ukingoni mwa meza kwa zamu.

Trei moja ni ubao wa plaiwudi wenye upana wa sentimita 8 hivi. Urefu utategemea treni yako ndefu kuliko zote: behewa la mita 12 huwa sentimita 14 hivi kwa kipimo chako, kwa hiyo mabehewa sita na kichwa chake yataenea katika sentimita 120. Juu ya ubao bandika vipande viwili vya aluminiamu vyenye umbo la L, ambavyo mafundi wa madirisha mara nyingi hubaki navyo. Pande zilizolala ndizo reli, na zile zilizosimama ziwe nje ili kuzuia treni isianguke. Kati ya vipande iachwe nafasi ya milimita 16.5; lakini usiiamini rula peke yake, bali sukuma behewa kutoka mwanzo hadi mwisho kabla gundi haijakauka. Kingo za magurudumu zikigusa ubao, inua aluminiamu kwa kadi ngumu.

Ukingoni mwa meza funga kipande kifupi cha namna hiyo hiyo, kikiwa sawa na kimo cha reli, kisha ubane kuta zake na za trei kwa vibanio vya chuma vya kubania karatasi, ambavyo vitazinyoosha na pia kupitisha umeme. Trei isiyobanwa haina umeme, jambo ambalo mimi naliona ni faida kubwa kuliko zote. Waya usiulehemu kwenye aluminiamu, kwani lehemu ya kawaida haishiki. Toboa tundu, ukaze kwa skrubu.

(Njia yako, kwa kipimo hicho, ni reli ya milimita 1,435 kama reli ya kisasa (SGR) inayojengwa kutoka Mwanza hadi Isaka. Reli kongwe, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ina milimita 1,000 na ingehitaji njia ya milimita 12. Sikushauri ubomoe.)

Kabla ya kuinua trei, ziba ncha zote mbili kwa sponji. Plaiwudi ipakwe vanishi pande zote, hata kwenye kingo, kwa maana unyevunyevu wa ziwa huikunja, na trei iliyopinda kidogo tu haitakutana na reli ya mezani.